Mkono wa tembo, bokoboko, mtwike au FHIA: upande mgomba gani Unguja na Pemba?

Mwaka jana, siku chache kabla ya masika, mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Wete, Pemba. "Shangazi, shikamoo," akaanza kwa upole, na mie nikajua lipo jambo, maana kwa kawaida shikamoo yake huja mwisho, baada ya kuomba vocha. Amekatiwa eka moja katika ile eka tatu ya marehemu babu yake. Juu yake pana mikarafuu saba mikongwe, minazi miwili mitatu, na kwengine kote magugu. Anataka migomba. "Sasa nipande ipi?"

Nikamuuliza: utakula au utauza? Akasema yote mawili. Mazungumzo ya dakika tano yakageuka ya saa nzima. Nayaandika hapa kwa sababu tangu siku ile watu wengine watatu wameniuliza swali lile lile, na wawili kati yao walikuwa wameshanunua miche.

Tulikotoka na ndizi zetu

Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kazi yake mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme wa Sicily, aliandika kuwa chakula kikubwa cha watu wa Unguja ni ndizi, akazitaja aina tano. Moja aliiita kwa Kiarabu jina la tembo, akasema ndizi yake huweza kufika wakia 12. Nyengine akaiita sukari. Yeye mwenyewe hakufika huku, habari alizipata kwa wasafiri, na mie siapi kwamba tembo wake ndiye huyu mkono wa tembo wetu. Lakini simama mnadani Darajani asubuhi, umsikie dalali akinadi mkono wa tembo kisha akinadi kisukari, halafu uniambie hukushtuka kidogo. Ibn Battuta naye, alipopita Mombasa mwaka 1331, alikuta watu wanakula ndizi na samaki. Futari ya kwetu hiyo.

Halafu ukaja mkarafuu, na mgomba ukawa mtumishi. Mkarafuu mchanga hauvumilii jua kali. Miaka yake ya mwanzo unataka kivuli, na kivuli cha haraka mkulima hukipata kwa muhogo na mgomba. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu, na kwa hivyo mgomba wa Pemba umekuwa ukipanda na kushuka na mkarafuu. Mikarafuu ikipandwa upya, migomba huongezeka. Mikarafuu ikishafunga juu, mgomba wa chini hudhoofu na kutoweka, na hapana mtu anayeuandikia tanzia. Ndiyo maana mzee akikwambia "zamani hapa palikuwa na ndizi tele", muulize kwanza zamani hiyo mikarafuu ya hapo ilikuwa na umri gani.

Miaka ya mwanzo ya 1970, mchele wa nje ulipokuwa adimu, wakubwa wetu waliishi kwa muhogo, majimbi na ndizi. Mama yangu mpaka leo hatii ndizi mbichi mdomoni. Anasema alishakula sehemu yake yote. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 mchele ukarudi sahanini, na ndizi ikarudi kuwa kitu cha futari na cha wageni.

Kisha mwaka 1987 Sigatoka nyeusi ikatambuliwa Pemba, na haikuchukua muda ikawa imeshaenea mwambao. Huu ni ukungu wa majani. Huanza na vistari vyembamba vya rangi ya kutu chini ya jani, vikageuka vyeusi, jani likakauka kuanzia ukingoni kama karatasi iliyopitiwa na moto. Mgomba haufi. Unachofanya ni kubeba mkungu ukiwa umebakiwa na majani matatu manne, ndizi zikawa nyembamba na kuiva kabla ya wakati. Kwa jamii ya mkono wa tembo hasara yake huweza kufika theluthi mpaka nusu ya mavuno. Watu wengi walidhani ardhi imechoka. Ardhi ilikuwa imechoka kweli, lakini pia palikuwa na ugonjwa mgeni ambao bibi zao hawakuujua.

Sasa neno moja juu ya takwimu za nchi, kwa sababu mpwa wangu alinitolea hizo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliiwekea Tanzania tani milioni 3.4 hivi za ndizi mwaka 2020, mbali na ndizi za jamii ya mkono wa tembo ambazo huhesabiwa peke yake. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya ndizi hizo ni za Kagera, Kilimanjaro na Mbeya, kwenye miinuko ya zaidi ya mita elfu moja, ambako baridi huipunguzia nguvu Sigatoka nyeusi. Sisi kilima chetu kirefu hakifiki hata mita 150. Kwa hivyo ukisikia "Tanzania ndizi zinafanya vizuri", usichukue ushauri wa Bukoba ukaupanda Konde, Pemba.

Kinachotuhusu zaidi ni idadi ya walaji. Sensa ya 2012 ilitukuta Zanzibar nzima watu 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Karibu laki sita zaidi katika miaka 10, na visiwa ni vile vile, tena mashamba ya Mkoa wa Mjini Magharibi yanageuka viwanja. Ongeza watalii, ambao mwaka 2023 walipita 600,000, na kila hoteli inataka ndizi mbivu mezani asubuhi. Soko lipo. Anayelijaza kwa kiasi kikubwa ni mtu wa bara, ambaye ndizi zake hushushwa bandarini kila siku, na huyo ndiye unayeshindana naye kabla hujashindana na jirani yako.

Mkono wa tembo na mzuzu: mapenzi yetu, na maradhi yetu

Naanza na hizi kwa sababu kila anayeniuliza anataka nimwambie apande hizi. Mkono wa tembo una chane chache, pengine mbili tu, lakini ndizi moja inajaa mkono. Mzuzu una chane zaidi na ndizi ndogo kidogo. Bei yake sokoni huzishinda karibu ndizi nyengine zote za kupika, na ikifika Ramadhani hapana mfano. Ndizi mbivu za nazi na hiliki bila ya mkono wa tembo, mwenye nyumba atakula lakini atanung'unika.

Ubaya wake ni kuwa ndizi hii inapendwa na kila mdudu. Fukusi wa migomba anaipenda, minyoo ya mizizi inaipenda, Sigatoka nyeusi inaipenda. Mizizi yake ni michache na iko juu juu. Mkungu wa kwanza utakupa furaha, wa pili nusu furaha, wa tatu huenda usiuone.

Mie mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Nilinunua machipukizi 40 ya mkono wa tembo kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kuwa ni safi. Nikayapanda, nikayapalilia, nikatia samadi. Ulipoanza upepo wa kusi, migomba ikaanza kulala mmoja mmoja, imebeba mikungu mibichi. Nikaulaumu upepo. Ami yangu akaja, hakusema neno, akachukua panga akakata ile sehemu ya chini ya mgomba inayokaa udongoni, nyeupe kama kiazi. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa imetobolewa vijia vyeusi vya upana wa penseli, vikipishana kama vichochoro vya Mji Mkongwe, na ndani ya kijia kimoja akamtoa kwa ncha ya kisu funza mnene mweupe mwenye kichwa chekundu, mtoto wa fukusi. "Huyu ulimnunua," akaniambia. "Ulimlipia na nauli."

Tangu siku ile sipandi chipukizi lolote bila ya kulitengeneza kama anavyotengeneza yeye. Chipukizi liwe lile lenye majani membamba kama upanga, si lile lenye majani mapana ya mapema. Unakata mizizi yote, unamenya ile sehemu ya chini mpaka ibaki nyeupe tupu. Ukikuta kijia cheusi kinaingia ndani, usikifuate. Tupa mche, na utupe mbali. Kisha chungu cha maji yanayochemka, unatumbukiza kwa sekunde 30, unatoa. Njia hii imefanyiwa kazi na watafiti wa Afrika Magharibi na ni rahisi kuliko ile ya zamani ya maji ya moto ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20, ambayo bila kipimajoto utaupika mche. Ami hana saa. Husoma Kul-huwallahu mara tatu kwa utulivu, halafu anautoa.

Lipo jengine ambalo kila mtu wa shamba analijua ila hulisahau akipata eka: mkono wa tembo ulio jaani hauchoki. Ule ulioota pembeni ya jaa, unapotupwa maganda, majivu na matumbo ya samaki, unazaa miaka nenda miaka rudi. Udongo wenye mabaki mengi ya mimea na jikoni unaupa mizizi nguvu ya kuota haraka kuliko inavyoliwa. Ukiupeleka mgomba huo huo katikati ya shamba ukauachia mvua tu, umeuhukumu. Kwa hivyo ushauri wangu kwa mkono wa tembo: panda michache, panda karibu na nyumba, ulishe kama unavyolisha mbuzi wa kuchinja.

Na kama unaupanda kwa ajili ya Ramadhani, hesabu mwezi. Tangu kupanda mpaka kukata ni kama miezi 12 hadi 15 kwa matunzo ya kawaida. Tangu mkungu kuchomoza mpaka kukomaa ni kama miezi mitatu. Ramadhani inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kizungu, na sasa imeshaingia kwenye Februari, kiangazi cha kaskazi. Aliyezoea kupanda masika atakuta mikungu yake inakomaa Iddi imeshapita na watu wamerudi kwenye wali. Kwa miaka hii ya karibu, mkono wa tembo wa Ramadhani ni wa kupandwa vuli, Oktoba au Novemba.

Bokoboko: ndizi isiyotafutiwa sifa

Bokoboko halina mashairi. Ndizi zake fupi, nene, zina pembe pembe kama zimechongwa kwa shoka. Dalali hulinadi kwa sauti ya kawaida, na bei yake mnadani ni ya chini. Lakini ndilo ninaloliamini.

Bokoboko limerithi zaidi upande wa ile ndizi mwitu yenye mbegu ambayo wataalamu huiita Musa balbisiana, na kutoka huko limepata ugumu wa ukame na wa majani. Sigatoka nyeusi hulifikia lakini hailimalizi. Ukikosa mvua wiki sita, mkono wa tembo unakunja majani na kukulaumu. Bokoboko linakaa kimya. Lina adui wake, namna moja ya mnyauko fuzari (ukungu wa ardhini unaonyausha mgomba) inayolishambulia, kwa hivyo ukiona shina moja linanyauka usichukue chipukizi lake. Jikoni halina shida: kwa nyama, kwa samaki, kwa nazi, linakaa imara halivunjiki sufuriani. Mwenye familia kubwa na fedha ndogo apande hili kwanza, mengine yatafuata.

Watu hulikataa kwa sababu ya bei. Hesabu yao huangalia bei ya mkungu mmoja, haiangalii mikungu mingapi utakata kwa miaka mitano katika shimo lile lile. Mie shamba langu lina mashina ya bokoboko niliyoyakuta. Sijui nani aliyapanda.

Pukusa na kisukari

Tamu, za watoto, haziozi mnadani kwa kukosa mnunuzi. Zina mlango mmoja tu wa kuingilia maradhi, na mlango huo ni mpana: mnyauko fuzari wa aina ya zamani, ule ule ulioimaliza ndizi ya Gros Michel katika mashamba ya Amerika ya Kati kabla ya miaka ya 1960. Majani ya chini yanakuwa manjano, yanavunjika kwenye kikonyo na kuning'inia shinani kama sketi. Ukikata shina unaona nyuzi za rangi ya kahawia nyekundu. Dawa hapana. Ukungu wake hukaa ardhini miongo kadhaa. Kabla ya kupanda, waulize wazee kama pukusa imewahi kufa mahala pale. Wakisema ndiyo, usijaribu. Wakisema hapana, panda kidogo, na jembe la jirani lisiingie shambani kwako na matope yake.

Mtwike: ndizi ya hoteli

Mtwike ni jamii ya Cavendish, ile ndizi ya madukani duniani kote. Mpwa wangu alivutiwa nayo kwa sababu mjomba wake upande wa mama anapeleka mboga hotelini. Hoja yake nzuri: mpishi wa hoteli anataka ndizi zilizolingana, ngozi safi, kila wiki.

Kwanza kisa kidogo, kwa wanaodhani ndizi hii ni ya kizungu. Wataalamu wa chembe za urithi wamegundua kuwa jamii ya ndizi za kale za Afrika Mashariki, pamoja na mchare wa Kilimanjaro na ndugu zake wa mwambao na visiwani, ina undugu wa karibu na mzazi mmoja wa Cavendish na Gros Michel. Asili ya wote ni Asia ya kusini mashariki, walivuka bahari kama tulivyovuka wengi wetu. Basi ukimla mtwike unamla binamu.

Sasa shida. Cavendish inashambuliwa vibaya na Sigatoka nyeusi. Makampuni makubwa ya Amerika ya Kati huinyunyizia dawa zaidi ya mara 40 kwa mwaka. Wewe hutafanya hivyo, na usifanye, visima vyetu viko karibu. Bila dawa itabidi ukate majani yenye ugonjwa kila wiki, upande kwa nafasi, utie samadi nyingi, na umwagilie kaskazi nzima. Ukiwa na kisima, pampu na mnunuzi aliyekwisha kukubali kwa maandishi, mtwike unalipa. Ukikosa kimoja katika hivyo vitatu, mpe nafasi mtu mwengine.

Na kuna hofu kubwa zaidi. Mtwike unastahimili mnyauko fuzari wa zamani lakini si ule mpya unaojulikana kwa wataalamu kama TR4. Huo ulithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, baadaye ukaonekana Mayotte na Ngazija. Angalia ramani, kisha fikiria ni majahazi mangapi na jamaa wangapi wanaokwenda na kurudi huko. Mtu akirudi safari na zawadi ya chipukizi zuri lililofungwa gunia na udongo wake, mpokee yeye na uliache chipukizi bandarini kwa watu wa karantini. Najua ni vigumu kumwambia shemeji.

FHIA: mkungu mkubwa, mnunuzi mdogo

FHIA ni kifupi cha taasisi ya utafiti wa kilimo ya Honduras, na migomba yake ina namba badala ya majina: 17 na 23 za kula mbivu, 21 iliyozalishwa ishike nafasi ya jamii ya mzuzu, na 01, 03 na 25. Zilichanganywa makusudi zihimili Sigatoka nyeusi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ziligawiwa kwa wingi Kagera, na huku visiwani watu wengi wanazijua kwa jina moja tu, "zile kubwa".

Kubwa ni kubwa kweli. FHIA-17 iliyotunzwa hutoa mkungu wa kilo 40 na zaidi. Jirani yangu alikata mmoja, akaubeba na mwanawe kwa mti begani kama wanavyobebwa papa. Alifika mnadani anacheka. Dalali akauzunguka mara mbili, akaugusa, akauliza: "Hii ndizi gani?" Alipoambiwa, wachuuzi wakaanza bei chini kabisa. Mmoja akasema ndizi za kupikwa hizi zinavunjika. Mwengine akasema mbivu zake laini mno, hazifiki jioni kwenye genge. Jirani akauza kwa bei ya mkungu wa kawaida, ilhali alitumia miega miwili kuuzuia usianguke na samadi maradufu.

Wala wachuuzi hawakusema uongo. Nimezipika: mbichi zake kwa nazi zinalegea haraka. Ila mbivu zake ni tamu, na kwa juisi, kwa keki za ndizi, kwa kulisha nyumba yenye watoto sita, sijaona mgomba unaoshinda. Kagera pia wengi walizipokea kwa shida kwa sababu ladha haikuwa ya ndizi zao, lakini hawakuzing'oa. Zikawa za watoto na za pombe, na hiyo ya pili haituhusu.

Kwa mtu anayetaka kiasi, na eneo lake limeshambuliwa vibaya na Sigatoka, FHIA-17 ina nafasi. FHIA-21 ningeijaribu mashina matano kabla ya hamsini. Usipande shamba zima la namba ambayo dalali wako haijui.

Miche: ya jirani au ya maabara?

Chipukizi la jirani ni bure au karibu na bure, unaliona mama yake, unajua anazaa nini. Linakuja na wageni wake, nimeshaeleza. Mche wa maabara hauna fukusi wala minyoo, unatoka sare, na kama umepanda 100 utakata kwa wakati unaokaribiana, jambo zuri kwa mwenye oda. Lakini ni ghali, ni dhaifu kama mtoto njiti, unataka kitalu chenye kivuli wiki sita mpaka nane, na ukiuingiza kwenye shimo lililotoka mgomba wenye fukusi, usafi wake unakwisha msimu huo huo. Wataalamu wa kilimo wa Kizimbani kwa Unguja, na Matangatuani kwa Pemba, ni watu wa kuulizwa kabla ya kutoa fedha kwa mtu mwenye pikapu.

Mie nasema hivi: kwa mtwike na FHIA, maabara. Kwa mkono wa tembo na bokoboko, chipukizi lililomenywa na kuchemshwa.

Unguja au Pemba

Pemba ina mvua zaidi na udongo wenye kina katika vilima vyake, mgomba unapenda. Inachokosa ni soko lililo karibu. Mkungu wa Wete unaosafiri baharini kwenda mjini unafika umechubuka, na kila mkono uliougusa umekata chake. Kwa hivyo mtu wa Pemba anafaa kupanda ndizi inayovumilia safari, yenye ngozi nene, na iliyo na mlaji pale pale kisiwani. Ni bokoboko na mkono wa tembo hizo, si pukusa.

Unguja, upande wa magharibi na kati, kwenye udongo wa kinongo na kichanga kizuri, unaweza kulima mtwike ukamfikishia mpishi kabla ya saa tatu. Upande wa mashariki ni maweni. Huko wahenga walishamaliza kazi: mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Nimewaona watu wakichimba mashimo kwenye jiwe na kuyajaza udongo wa kununua. Mgomba unamea, ndiyo, kama ua la chungu. Mwenye shamba la maweni apande mengine.

Nafasi: mkono wa tembo mita 3 kwa 2, mingine mita 3 kwa 3. Kwa eka moja mita 3 kwa 3 ni kama migomba 450. Acha mama, mtoto na mjukuu katika kila shimo, mengine kata. Sijui kwa nini jambo hili dogo linawashinda watu. Nimeona vichaka vya mashina 12 katika shimo moja, kila moja limebeba mkungu wa vidole vya mtoto.

Mpwa wangu alifanya nini

Alinisikiliza nusu, kama ilivyo kawaida. Masika alipanda bokoboko 120 baina ya mikarafuu na nje yake, na papo hapo akatia miche michanga ya mikarafuu chini ya migomba, shauri la ami, sio langu. FHIA-17 alipanda kumi kwa ajili ya nyumbani. Mtwike aliuacha baada ya kuulizia bei ya pampu. Mkono wa tembo akasubiri vuli, akapanda 30 nyuma ya jiko kuelekea jaani, na alinipigia usiku kuuliza kama Kul-huwallahu asome kwa haraka au taratibu.

Wiki iliyopita kanitumia picha. Bokoboko la kwanza limeinamisha mkungu wa chane saba, na majani yake tisa yako mazima. Mkono wa tembo bado haujachomoza hata mmoja, unamfika kifuani. Chini ya picha kaandika kuwa mchuuzi kutoka mjini ameshampa nusu ya fedha za ndizi za Ramadhani. Nimemwambia azirudishe mpaka ahesabu chane. Hajajibu bado.